Jicho la Bibi Tsiala

Kamera ile ilikula ng'ombe wawili wa marehemu baba
na bado benki inanidai.
Niliifunua mezani kwa mjomba Vazha
kama mtu anayewaonyesha wageni mtoto mchanga.
Mjomba aliipima kiganjani.
"Nzito," akasema. Basi.

Mji wetu, Chiatura, umejibana ndani ya korongo.
Vigari vya waya huning'inia juu ya mapaa,
na vumbi jeusi la manganisi
huingia kwenye mkate, kwenye shuka, kwenye lenzi.
Lenzi ya mjomba ina mkwaruzo upande wa kushoto,
ndiyo maana mabwana harusi wote wa mtaa wa juu
wana ukungu kidogo begani.
Wake zao wameshauzoea.

Bibi Tsiala alikuja msimu wa makomamanga.
Alitaka picha ya kaburi lake.
Kwetu mchongaji huunakili uso wa mtu kwenye jiwe,
naye hakutaka wanawe walioko Ugiriki
waje wachague ile ya kitambulisho,
"ile niliyotoka kama mwizi wa kuku."

Nilimpiga mia na arobaini.
Kila kunyanzi ilitii.
Ungeweza kuhesabu nyuzi za kitambaa chake,
ukope mmoja mmoja,
chembe ya chumvi pembeni mwa mdomo.
Alizitazama zote, hakuruka hata moja,
kisha akanirudishia kamera kwa mikono miwili.
"Mwanangu, huyu ameshakufa. Mimi bado."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa.
"Mchagua jembe si mkulima," akasema,
akalichukua kopo lake la Kirusi kutoka msumarini.
Nami kwa hasira: na anayelima kwa kucha
anavuna nini, mjomba?
Hakunijibu. Filamu ilikuwa imebakiza picha sita.

Hapa ndipo watu hunikatiza,
wakidhani mwisho wanaujua:
mzee akabonyeza mara moja, malaika wakashuka.
Thubutu.
Ya kwanza, kitufe kilikwama.
Ya pili, bibi alipiga chafya.
Ya tatu na ya nne ni bibi aliyechoka, anayewaza maharage jikoni.
Ya tano haikutoka kabisa.

Ndipo Mzia, jirani, akapaza sauti toka roshani ya juu:
"Tsiala! Sufuria yangu utanirudishia lini,
au utazikwa nayo?"
Bibi akainua kidevu.
Jicho moja likasinyaa, la pili likawaka,
tusi likamjaa shavuni, limeiva, halijatoka,
na vidole viwili, changu na cha mjomba,
vikabonyeza bila kuulizana.

Ya mjomba ina ukungu begani.
Aliiangalia muda mrefu pale chumba cha giza,
na sitasema uongo, ilikuwa nzuri.
Yangu nilipoivuta, nikaivuta tena,
ndani ya mboni nilimkuta Mzia,
mdogo kuliko punje ya mchele,
mkono juu, anadai.
Bibi alisogeza pua mpaka ikagusa kioo.
"Hii. Hapa hatanikwepa."

Mchongaji alisema patasi yake haiwezi mtu wa ukubwa huo.
Akaiacha mboni tupu, akalisugua jiwe likang'aa.

Bibi alikwenda zake majira ya theluji.
Jumapili Mzia hupanda na kitambaa,
hufuta vumbi la manganisi usoni pa rafiki yake,
na akiinama karibu, jiwe linavyong'aa,
humo jichoni yumo.

Wapita njia husimama, huuliza nani kapiga picha hii.
Mjomba hunitaja mimi.
Mimi humtaja Mzia.
Mzia huuliza kama kuna mtu ameiona sufuria yake.