Kitufe cha Kumi na Moja

Niliinunua Mwanjelwa, imefungwa kwa blanketi.
Muuzaji akaapa: "Mama, hii haijui kuumwa."
Na diski zake? Akacheka. "Diski za nini?
Kwani ukinunua ng'ombe unadai na mifupa ya akiba?"

Miaka minne ilikaa juu ya meza ya cherehani,
hesabu zote za kikundi cha Twitike tumboni mwake:
nani kaweka hisa, nani kakopa,
nani kaapa kwa mavuno ya chai na hajaonekana tena.

Kisha Gwakisa, mtoto wa dada, akaja likizo
na flashi moja ya filamu.
Kulipokucha kila folda imegeuka kivuli chake:
unabofya jina, linafunguka jina,
na ndani ya jina, hamna.

Tukuyu habari hutangulia ukungu.
Wadaiwa walikuja kunipa pole,
mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na maziwa ya mgando,
nyuso zimekunjwa za msibani,
macho yanacheka.
"Ndaga, mama Subilaga. Basi tena. Tuanze upya."
Yule wa laki tatu alianzisha hata pambio.

Fundi wa stendi akasema: bila diski, hiyo ni ya kutupa.
Mimi nimelea watoto wanne bila diski.

Usiku, mvua inapiga bati hadi sisikii kikohozi changu,
nikakaa na Gwakisa, mwenye hatia, mwenye usingizi.
Akaiwasha kwa flashi nyingine, safi,
tukapitia mlango wa nyuma
kama wezi wa nyumba yetu wenyewe.
Hazikufa. Zilifichwa tu,
faili kwa faili, zimepauka,
kama vifaranga uvunguni mwewe akipita.

Tukazihamisha. Ndipo akabonyeza safu ya juu,
kitufe cha kumi na moja,
na kumbe mashine ilijizikia ndani
nakala ya siku ilipozaliwa.
Dawa yake, chini ya godoro lake,
na sisi miaka yote tunamlaani muuzaji.

Saa nane na robo ikaamka. Haikunijua.
"Karibu," iliandika. "Jina lako nani?"
Ndani ya nyumba yangu!
Tumpe Mwakisole, nikaandika, kwa hasira kidogo.

Nikafungua hesabu. Mstari wa kwanza, juu kabisa,
kabla ya mwenye pambio, kabla ya mwenye ndizi:
jina hilohilo. Elfu themanini na tano.
Machi ya mwaka juzi.

Gwakisa amelala, shavu juu ya kibodi,
mmmmmmmm inajiandika pembeni ya deni langu.
Kidole changu kilikuwa juu ya kufuta.
Mvua ilipunguza sauti, kama mtu anayesikiliza.

Nikamwinua kichwa.
Nikafuta zile m zake tu.
Halafu nikamenya ndizi moja ya yule mdaiwa,
nikaila gizani, polepole,
nikipiga hesabu ya maharage.