Sweta Kitini

Sweta langu la kijivu lina bidii kuliko mimi.
Linafika saa kumi na mbili na nusu, halitoki,
limekumbatia kiti chumba cha hesabu
ili atakayechungulia aseme: Aikande yupo,
ameenda msalani tu, anarudi.

Hila hii niliianza mwezi wa tatu,
wiki ile walipoitwa mmoja mmoja
kwenye chumba chenye mashine ya kudurufu.
Kumi na mmoja. Waliingia na kalamu,
wakatoka na bahasha.
Hakuna aliyelia. Ndetaulwa aliuliza tu
kama kikombe ni cha ofisi au ni chake.

Ndetaulwa! Aliyelala juu ya magunia msimu mzima,
akihesabu kahawa usiku kwa tochi ya simu,
aliyekosa kumzika shangazi yake kule Kilema
kwa ajili ya lori la saa tisa.
Jasho lingekuwa kinga,
leo yeye ndiye angetusainia likizo.

Lakini hofu haijui hesabu. Mimi mhasibu,
nami nikajumlisha vibaya:
yeye alilala saa nne, basi mimi nitalala tatu.
Nikajibu barua pepe kanisani,
simu katikati ya kitabu cha nyimbo,
mchungaji akidhani nimeguswa.
Nikala makande yaliyopoa juu ya daftari la stoo.
Usiku mmoja nikamwambia mume wangu
"rejea mazungumzo yetu ya awali".
Tulikuwa tunaongelea chumvi.

Barua nyingine haijaja. Bosi hasemi kitu.
Na mimi ninazidi kukimbia,
kama anayemkimbia mbwa aliyelala.

Juzi jioni Kunda alinipigia kwa simu ya jirani:
"Mama, mlima umefunguka wote!
Hata Mawenzi. Toka uone."
Dirisha langu linatazama ukuta wa ghala.
Nikasema, namalizia safu hii moja.

Nilipotoka, nje palikuwa na giza na mlinzi.
Baba Mringi alifungua geti kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika bakuli la uji.
"Dada, mimi nalipwa kukesha.
Wewe nani anakulipa?"

Sikuwa na jibu lenye risiti.

Usinisifu. Sijawa jasiri.
Natoka saa kumi na moja na nusu, magoti yananicheka,
napita mbele ya mlango wa meneja
kama niliyeiba kitu,
na kweli nimebeba: jioni yangu mwenyewe.
Nyumbani, Rau, simu inaingia kwenye ndoo ya unga,
nafunika.
Inanguruma humo kama nyuki aliyepotea njia.
Jana nilifunua mara mbili.
Leo mara moja, na ilikuwa shangazi, anaomba vocha.

Sweta nimelirudisha.
Lilinuka wino, na woga, kama woga una harufu,
nikalifua kwa maji mawili.
Sasa liko kambani nyuma ya migomba,
linadondosha,
mikono imening'inia, haijashika kitu.

Kesho wakione kiti, mifupa yake yote.
Kama jina langu limo, limo.
Kunda ananivuta kidole.
Mawingu leo yamefunga, hakuna cha kuona.
Tunatazama hivyo hivyo.