Sura ya Tisa

Madaftari matatu ya mistari,
mwandiko umelalia kushoto kama migomba baada ya upepo,
alinikabidhi ndani ya mfuko wa sukari, kwa sababu ya mvua.
"Sura ya tisa usiichape usiku," alisema Tupokigwe,
akahesabu nusu ya malipo kwa noti zilizonukia majani ya chai;
nusu nyingine mwisho wa mwezi, kiwanda kikilipa.

Mimi ni mtu wa duka la stesheneri, Tukuyu, nyuma ya posta.
Natoa nakala. Navika vyeti vya kuzaliwa ngozi ya plastiki.
Nachapa barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi.
Vitabu sivisomi, navichapa:
neno hupita vidoleni bila kugusa kifua.
Ndivyo nilivyodhani.

Sura ya kwanza ni mke, mume na deni la mbolea.
Hakuna zimwi. Kuna bakuli la maharage linalopoa
na kimya ambacho hata paka amekizoea.
Sura ya tatu, mtu anabisha hodi saa nane za usiku,
na aliyelala ndani anakumbuka, taratibu,
kwamba upande ule nyumba haina mlango.

Siku moja tukingoja umeme urudi, alinisimulia:
walimu wa fasihi humwambia ameharibu kipaji kwa mizuka,
na vijana wapenda kutishwa hulalamika
kwamba damu inachelewa,
kurasa arobaini mtu anamenya viazi tu!
Akacheka, akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja.
"Nani aliwaambia kilio na hofu hulala vyumba viwili?
Mama yangu alimlilia baba mpaka sauti ikakauka,
na jioni ileile alikataa kwenda mtoni peke yake.
Alimwogopa nani? Yuleyule aliyekuwa anamlilia."

Sasa, mwisho wa mwezi haungoji mtu.
Nikaichapa usiku.

Ukungu wa Rungwe uliingia chini ya mlango, bila haraka,
kama mteja anayejua bei.
Katika sura ya tisa mfu anarudi kwao.
Hang'oi meno ya mtu, hanywi damu.
Anasimama barazani, anachuruzika maji,
anauliza swali moja:
*nani amevaa sweta langu,
la kijivu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani?*

Nikatazama kiwiko changu.

Ambakisye, kaka yangu, lori la viazi, mteremko wa Mbalizi.
Tulimzika na suti mpya ambayo hakuwahi kuijaribu,
ilimpwaya mabegani.
Sweta nililitoa msumarini kabla ya kuanua matanga.
Ilikuwa Juni. Kulikuwa na baridi.
Sikumwomba mtu, na hakuna aliyeuliza.

Labda Tupokigwe aliuona uzi nikimbania karatasi zake.
Labda. Macho yake hayatulii, hata risiti huisoma mara mbili.
Lakini madaftari yale aliyaandika masika,
na masika, naapa, sweta lilikuwa sandukuni.

Nikamaliza sura. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Asubuhi akasoma akiwa amesimama, mwavuli unadondosha maji sakafuni,
akafika pale, akaweka ncha ya penseli.
Nilikuwa nimekosea neno moja tu:
*nani amevaa sweta lako?*
Nikanyoosha mkono nirekebishe.
"Acha," akasema. "Mwaka mzima nalitafuta hilo."
Kisha akaudai mfuko wake wa sukari, akaenda zake,
na ile nusu ya pili ya malipo
mpaka leo tunazungumza.

Sweta ninalo, nimelivaa hata sasa; mwezi wa saba huku si mchezo.
Ila siku hizi nikifunga duka na kufika kwangu,
ufunguo mkononi, taa imezimika kama nilivyoiacha,
nabisha hodi kwanza.
Naishi peke yangu.
Nabisha, nasubiri kidogo,
ndipo naingia.