Chupa Tisa za Mpungate

Mbaruk, mwezi wa pili. Upepo wa Elementaita
unakuja na magadi na vumbi.
Natoka na koleo la jikoni na ndoo ya rangi iliyoisha rangi,
nimevaa glavu za Kimosop za kuchomelea vyuma,
kubwa kwangu kama mikono ya mtu mwingine,
na ndivyo zilivyo.

Mpungate ulipandwa uwe ua.
Kisha ua ukatembea,
ukavuka reli, ukavuka shamba la Nyaguthii,
ukaingia malishoni bila kubisha hodi.
Tukaukata: kila kipande kikaota.
Tukauchoma: ukalala msimu mmoja, ukaamka.

Mwaka wa ukame mbuzi waliyala matunda yake,
wakarudi jioni na midomo ya miiba, ndimi zimevimba.
Saba. Nawajua kwa majina, siyataji.
Sumuni ndiye aliyebaki, jicho lake moja ni maziwa,
na leo ananifuata, ananitazama kwa lile zima
nikichuma.

Jerop, uliniuliza kwa simu inapikwaje.
Chuma yaliyoiva zambarau, karibu nyeusi,
alfajiri, kabla upepo haujaamka,
maana ile miiba midogo, ile isiyoonekana,
hupanda upepo kama uvumi.
Yaviringishe kwenye nyasi kavu, yababue motoni,
yaoshe mara tatu.
Mara ya nne ni ya woga tu, lakini osha.
Kata, chemsha, ponda kwa mwiko.
Mbegu ni changarawe, usihangaike nazo.
Chuja kwa kitambaa. Mimi nilitumia kilemba changu cha kanisani,
sasa kina doa ambalo mchungaji itabidi aliombee.

Yaache maji yashuke yenyewe, usikamue.
Hapo ndipo nilipokosea mwanzo:
nilikamua, yakatoka na ukungu, hayakuganda,
tukayaita sharubati kwa aibu na kuyanywa wiki nzima.
Kikombe kwa kikombe, sukari
(bei unaijua, sitaki kuanza kulia),
ndimu tatu za Mama Atsiaya,
na mapera mabichi mawili. Hayo ndiyo yanayogandisha.
Usimwambie mtu.

Tokosa hadi povu libadili sauti.
Ndiyo, sauti. Mwanzoni ni kelele za watoto wa nasari,
baadaye linaongea chini chini, kama watu wazima wenye deni.
Dondosha tone kwenye sahani baridi, lisukume kwa kidole.
Likikunja uso, epua.

Chupa niliombaomba: za asali, za siagi ya karanga,
moja ya kahawa ya Kimosop, niliyoichemsha mara mbili
na bado inanukia asubuhi zake.
Nikajaza, nikafunika, nikazirudisha majini zichemke tena,
nikazipanga mezani juu ya gazeti, nikakaa.
Giza likaingia. Taa sikuwasha.

Tik. Kifuniko cha kwanza kikabonyea.
Tik.
Nyaguthii akauliza dirishani, "Ni mvua?"
Nikamwambia la, nahesabu.
Tik, tik, kisha kimya, kisha tena.
Ilipofika saba nilinyanyuka, nikatoka nje,
nikasimama na Sumuni bila neno.
Ya nane ilijifunga nikiwa huko, sikuisikia.

Watu watasema nimeusamehe mpungate.
Sijausamehe. Nimeupika.

Ya tisa haikujifunga, ile ya kahawa.
Tuliimaliza usiku uleule kwa chapati ya jana,
mimi na Nyaguthii, meno mekundu,
tukicheka kitu ambacho hakuna aliyekisema.
Mwiba mmoja umebaki kidoleni. Siuoni,
ila kila nikishika kalamu unanikumbusha.

Njoo Jumamosi uchukue mbili.
Uje na kibano.