Foleni ya Nkuhungu

Ndahani alipanga madumu kumi na saba
mbele ya ukuta wa ghala la alizeti.
Ukutani akachora bomba, kwa mkaa.
Akakaa pembeni kutafuna zabibu.

Nilipita saa mbili na dumu langu,
lile la kizibo cha gunzi.
Sikuuliza. Kwetu foleni haiulizwi,
inaungwa.

Nyuma yangu Mama Sechelela, ndoo mbili,
kisha kijana wa chuo, kisha toroli zima;
hadi adhuhuri mkia umepinda kwa kinyozi
na tunagombana, kwa adabu bado,
nani kamtangulia nani mbele ya mkaa.

"Maji yanatoka saa ngapi?"
Ndahani akatema mbegu. "Hii ni sanaa, mama."
"Haya. Sanaa inatoka saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka.
Hakuna aliyeondoka.

Jioni akaja mgambo na amri:
kazi ya msanii iondolewe, vyombo vya wananchi viachwe.
Akazunguka mara tatu. Akainama, akanusa moja.
Dumu ni dumu.
Akaenda zake,
akarudi na kandambili, na la kwake mkononi.

Langu lilipotea usiku ule.
Juzi nimelikuta mjini, ndani ya ukumbi wenye feni,
juu ya kitambaa cheupe, na kibao: USIGUSE.
Gunzi lile lile, meno yangu bado yamo.
Nikalikwapua, nikatoka nalo mbio.

Wageni wakasimama
wakapiga makofi.