Jiwe la Gramu Mia Mbili

Wasifu wako ulijaa kurasa mbili.
Ulizaliwa, ukasoma Kaimosi, ukaajiriwa,
mkaguzi wa vipimo miaka thelathini na mmoja,
ukastaafu, ukaugua, ukaitwa.
Ambani aliusoma bila kukwama.
Watu wakainamisha vichwa, wakanywa chai, wakaenda.

Musimbi, mwalimu wa Kiswahili kama ujuavyo,
alitaka nikutungie shairi la vina na mizani.
Nikamwambia mizani ilikuwa kazi ya baba yake.
Mimi nitasema tu.

Siku ya soko Mudete habari ilikutangulia:
"Chahilu ameshapita Chavakali!"
Na gorogoro zilizobonyezwa matako
zikatoweka chini ya magunia, nyuma ya watoto;
mama mmoja akaikalia yake kama kigoda.
Ukafika bila haraka, kofia kwapani:
"Mama, inuka basi nikusalimie."

Hukupokea hata ndizi.
Nilikulaumu, Baba Musimbi, acha niseme leo.
Wenzako walijenga kwa matofali,
sisi tukakinga mvua kwa sufuria sebuleni
na wewe ukaniuliza kama najua ile ni lita ngapi.
Nilinuna siku tatu.
Ya nne nilicheka peke yangu jikoni, ukanisikia,
ukaja ukaketi kando ya moto bila neno
ukachambua mseveve
vibaya, pamoja na mabua.

Kisha akaja Kageha kabla ya miezi yake,
mjukuu wa kujaa kiganjani.
Musimbi hakula. Hakulala.
Alihesabu pumzi za mtoto mpaka jogoo akawika.
Ukatundika mizani yako kuukuu kwenye boriti,
na kila Jumamosi, mtoto ndani ya shali,
sisi sote tukatazama mshale.
Jumamosi mbili haukusogea.
Ya tatu ulisoma kwa sauti yako ya sokoni:
"Ameongeza! Gramu mia mbili!"
Musimbi akalia, akaomba uji,
akamaliza bakuli, akaomba tena,
na jioni ile maziwa yakashuka.

Mwaka jana, hospitalini, wakakupandisha wewe.
Nesi akasema arobaini na tisa.
"Binti yangu, mshale wako hauanzii sufuri."
Akacheka, akaurekebisha.
Ikawa arobaini na nane.
Ukatikisa kichwa, umeridhika.
Mimi nikatoka nje kutafuta maji ambayo sikuyahitaji.

Wachimba kaburi waligonga jabali futi ya tatu.
Ulikuwa ukisema mawe ya Maragoli yaliumbwa makubwa
ili pasipatikane mkaguzi wa kuyapima.
Walilipasua kwa moto na maji, siku nzima,
na mimi nikawapikia, nikijua ungewauliza
kila kipande kina uzito gani.

Jana nimefungua kisanduku chako cha mbao.
Mawe ya shaba yamelala, kila moja tunduni mwake,
kilo, nusu kilo, mpaka lile dogo kama kifungo.
Tundu moja tupu.
Wewe? Wewe uliyerudi Luanda usiku, kwa miguu,
kwa sababu ya jiwe la gramu tano?
Nikapekua makoti. Nikapekua Biblia.
Jioni, nikikunja shali ya Kageha ya utotoni,
pindo likagonga meza.
Limeshonewa ndani kwa uzi mweusi,
mshono mkubwa wa mkono wa mwanamume.

Nilikaa chini, sakafuni, pale pale.
Miaka kumi na minne, Chahilu, na hukuniambia hata mimi.
Kageha akaingia na mtungi wa lita ishirini kichwani,
shingo imenyooka, hata tone halikumwagika,
akauliza, "Bibi, unalia au unacheka?"
Nikamwambia atue maji kwanza.

Sijalirudisha tunduni.
Nimelifunga kwenye ncha ya leso yangu, upande wa kushoto,
na nikishuka kwenda kisimani
linanigonga goti.