Rangi ya Gari

Moshi wa majani ya mkaratusi
unazunguka uwanja wa mpira wa Warrabin,
unaingia nywele za watoto, kofia ya meya;
hauchagui pua.

Shangazi Verlie, kwenye kiti cha plastiki,
udongo mweupe haujamkauka mikononi.
Mzee Colin, mchoma soseji, anamletea mkate.
Babake ndiye aliyeendesha
siku ile watoto walipobebwa.

"Lile gari," anauliza Shangazi, "lilikuwa la rangi gani?"
"Kijani."
"Miaka sitini naliota jeusi."

Vijiti vinagonganishwa. Wajukuu wanatimua vumbi kwa nyayo.
Mzee anatazama viatu vyake,
muda mrefu.

"Umesahau vitunguu," anaambiwa.

Anarudi jikoni mbio,
mbio kabisa,
kama mtoto aliyetumwa na mamaye.